Ijumaa Inafunguka

Nekoye hakuwahi kusomea kompyuta. Alizaliwa Misikhu, nyuma ya kibanda cha vitunguu cha mamake, akasomea uhazili Bungoma mjini, na alipoajiriwa na ofisi ya kanisa kule Kitale alipewa kazi ya kupiga chapa. Mwaka wa 2003 akaja mhandisi mmoja wa kujitolea kutoka Uholanzi kufunga seva, ile kompyuta inayokaa imewaka mchana na usiku ili kompyuta za mbali zije kuchota habari kwake. Mholanzi alihitaji mtu wa kumshikia tochi na kumsomea namba zilizo nyuma ya mashine. Nekoye ndiye aliyekuwa karibu. Mholanzi alipokwenda zake alimwachia ufunguo wa chumba na kitabu kinene cha Kiingereza, na tangu siku hiyo kila kitu chenye waya katika ofisi ile kikawa cha Nekoye.

Hakujidanganya kwamba ni mtaalamu. Alikuwa amekisoma kile kitabu mara mbili, sehemu nyingine mara tano, na bado kulikuwa na kurasa alizozipita kama mtu anavyopita boma lenye mbwa mkali. Lakini seva iliwaka, barua pepe ziliingia na kutoka, na watu wakazoea kusema, "Muulize madam Nekoye."

Halafu vita vya mlimani vikatawanya watu. Wengine waliteremka Elgon wakaingia Bungoma, wengine wakaelekea Kitale, wengine wakafika hadi Suam na hata kuvuka mpaka wa Uganda. Mume hakujua mke yuko wapi. Mwanzoni mwa mwaka wa 2008 Pasta Absalom, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya Kitale, akaamua kanisa lifungue huduma ya kutafutana. Wahubiri walizunguka kambini na vijijini wakiandikisha watu, na habari zote zikawekwa katika seva ya Nekoye.

Ilipangwa kwa uangalifu mkubwa, maana kulikuwa na watu waliokuwa wakitafutwa na maadui wao na si na ndugu zao. Kila aliyeandikishwa aliacha swali moja ambalo jibu lake linajulikana nyumbani kwao tu. Jina halikutafutwa mpaka ndugu mwenyewe awe ameketi mbele ya kompyuta, na mahali mtu alipojificha hapakuonyeshwa mpaka swali lijibiwe. Hakuna kutajana kwenye simu. Hakuna kuandikiana barua pepe. Na njia yote kutoka kompyuta ya Bungoma hadi seva ya Kitale ilifungwa kwa ile kufuli ya mtandao inayochanganya maneno, ili anayedukua katikati asiambulie kitu. Kufuli hiyo haifanyi kazi bila cheti, na cheti ni kama kitambulisho: seva inakionyesha, kompyuta ya upande wa pili inakikagua, ikiridhika inafungua.

Mwezi wa sita Nekoye alilazimika kupandisha toleo la mfumo wa seva. Waliotengeneza lile toleo la zamani walikuwa wametangaza kwamba hawatayaziba tena matundu yake, na Nekoye hakutaka majina ya watu wale yakae katika nyumba yenye matundu. Akachagua Jumamosi, ofisi ikiwa imefungwa. Kazi ilikwenda vizuri isipokuwa jambo moja: toleo jipya lilikataa ufunguo wa siri alioacha Mholanzi, likidai ni mfupi mno na dhaifu. Nekoye akafungua kitabu, akatengeneza ufunguo mpya na cheti kipya, akajaribu kwa kompyuta ya mapokezi. Ikafungua. Akaenda nyumbani akapika ugali na mrenda akalala vizuri.

Jumatatu asubuhi simu ikalia. Alikuwa Jotham, karani wa ofisi ya Bungoma, mzee wa makamo aliyekuwa katekista kabla ya kuwekwa mbele ya kompyuta.

"Dada Nekoye, habari ya huko? Sasa hii kitu imekataa bana."

"Imekataa vipi, mzee wangu?"

"Inasema ati muunganisho salama umeshindikana. Na hapa niko na mama mmoja amekaa, anatafuta babake."

Nekoye hakushangaa. Alikumbuka kwamba kompyuta ya Bungoma haijakifahamu cheti kipya. Akakiweka ndani ya flashi, Pasta Absalom akaichukua Jumatano akienda kwenye mkutano Bungoma, na Jotham akakiingiza kama alivyoelekezwa. Hakikukubali. Wakaongea kwenye simu mpaka sikio likawaka moto. Jotham alifuta, akaingiza tena, akazima, akawasha. Bure.

Ijumaa Jotham akapiga simu akicheka. "Imefunguka!"

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Nimefungua tu, ikafunguka."

Nekoye hakupenda jibu hilo, lakini alilipokea. Kitu kikipona chenyewe, unashukuru.

Jumatatu iliyofuata kikaugua tena. Yule mama alikuwa amerudi, akakaa tangu saa tatu mpaka adhuhuri, akaondoka. Jina lake Phanice Jepchirchir. Nyumba yao mlimani ilikuwa imeteketezwa, na yeye alikuwa amehifadhiwa na rafiki wa shuleni huko Misikhu pamoja na mtoto wa mgongoni. Siku nyingine zote za wiki alimsaidia mwenyeji wake kuuza sokoni, kwa hiyo Jumatatu ndiyo siku aliyoweza kufika Bungoma. Kitale hakutaka kukanyaga. Alisema waliochoma nyumba yao wana jamaa pale stendi, na hakuna aliyembishia.

Nekoye akaanza kutafuta. Alijaribu kuiita seva kutoka saiba ya mjini Kitale, duka la kulipia mtandao kwa dakika, nje kabisa ya uzio wa kanisa, ikafungua. Akamwomba Jotham ajaribu tovuti nyingine zisizo na kufuli, zikafunguka. Basi njia ilikuwa nzima na mlango ulikuwa mzima, na bado mgeni mmoja tu, kompyuta ya Bungoma, aliachwa nje. Akasoma kumbukumbu za seva mstari kwa mstari. Zilionyesha kwamba Bungoma ilibisha hodi, ikasalimiwa, ikaonyeshwa cheti, halafu yenyewe ikageuka na kuondoka. Haikufukuzwa. Iliondoka kwa hiari yake. Nekoye alitazama mistari ile kwa muda mrefu. Kwa nini mtu abishe hodi, afunguliwe, halafu aondoke?

Na Ijumaa ikafunguka tena. Kisha Jumatatu, la.

"Mzee Jotham," alisema Nekoye, "hiyo karatasi ya makosa inayotokea kwenye kioo, nisomee yote. Si mstari wa kwanza tu. Mpaka chini."

Jotham alikuwa amezoea kuifunga mara tu inapotokea, kama mtu anayemfungia mlango mchuuzi. Safari hii akasoma polepole, Kiingereza chake kikiwa cha kanisani. Mwishoni akasema, "Inasema hiki cheti hakitakuwa halali mpaka talehe sita, mstari, saba, mstari, elfu mbili na nane."

"Tarehe sita mwezi wa saba?"

"Ndivyo imeandika."

Leo ilikuwa bado mwezi wa sita. Nekoye akaiweka simu chini. Kumbe alikosea! Siku ile ya Jumamosi alichapa tarehe vibaya, akatengeneza cheti cha mwezi ujao. Alikimbia kwenye seva kukiangalia cheti chenyewe, nacho kikamwambia kimeanza mwezi wa sita, tarehe saba, Jumamosi ileile. Akakiangalia mara ya pili. Saa ya seva ilikuwa sawa. Sasa nani mwongo? Na kama kweli hakijaanza, mbona Kitale kinakubaliwa? Na mbona Ijumaa kinakubaliwa Bungoma?

Alimweleza Pasta Absalom, naye akatoa jibu la mtu mwenye mambo mengine mengi: "Si tungoje hiyo tarehe sita ifike tu? Ni siku chache."

Wakangoja. Ikaja Jumatano moja katikati, na jioni Jotham akapiga simu kusema imefunguka, Jumatano! Akiwa bado kwenye simu, ikajifunga. Nekoye aliweka simu chini akaenda kusimama uani, karibu na tangi la maji, asijue anaangalia nini. Alisimulia miaka baadaye kwamba siku hiyo alianza kufikiri kuhusu mambo asiyoyaamini mchana.

Tarehe sita Julai ilikuwa Jumapili. Kanisani Nekoye alisali sala fupi na ya wazi kabisa juu ya cheti. Jumatatu tarehe saba, kabla Jotham hajapiga, yeye alipiga.

"Imefunguka?"

"Bado, dada. Na Phanice yuko hapa."

"Inasema nini?"

"Inasema vilevile. Ati mpaka sita mstari saba."

"Lakini sita mstari saba ilikuwa jana!"

"Hata mimi nashangaa."

Sasa walibaki na kitu kimoja tu walichokijua kwa hakika, ingawa hawakukielewa: Ijumaa inafunguka. Ilikuwa imefunguka kila Ijumaa tangu toleo lipandishwe. Nekoye alipekua seva kutafuta kinachotokea Ijumaa. Alikuta kazi moja tu, ya kunakili habari, nayo hufanyika Jumapili. Akapiga simu kwa kampuni inayowauzia mtandao, kijana akamjibu kwamba Ijumaa ni siku kama siku nyingine. Basi, alisema Nekoye, kama hatujui kwa nini inafunguka, angalau tunajua lini. Jotham akamwambia Phanice aliache soko na kuja siku hiyo.

Phanice akaja. Alimbeba mtoto mgongoni, akavaa leso safi, maana hii haikuwa siku ya kubahatisha. Jotham akamvutia kiti. Mashine ikakataa.

Akajaribu tena baada ya chai. Ikakataa. Saa nane ikakataa. Nekoye kule Kitale alikuwa ameshika simu kila nusu saa, na kila alipomsikia Jotham akivuta pumzi kabla ya kusema, alijua. Mwisho Phanice mwenyewe aliomba simu.

"Madam," alisema, "mimi sijui mambo ya mashine. Niambie tu ukweli. Baba yangu amekufa, sindiyo? Mnaogopa kuniambia."

"Hapana, mama. Hapana. Mimi sijui kama yuko ndani au hayuko. Siruhusiwi kumtafuta bila wewe. Ni hii mashine."

"Wiki ya tano sasa ni mashine."

Nekoye alisikia mtoto akilia upande ule, halafu simu ikakatwa.

Aliingia kwa Pasta Absalom bila kubisha hodi. Pasta alimsikiliza, akavua miwani.

"Ondoa kufuli," akasema. "Iache njia wazi siku moja tu, Bungoma wasome wanachotaka kusoma, halafu urudishe. Unaweza?"

"Naweza, Pasta. Ni mistari miwili tu."

"Basi?"

Nekoye alisimama pale. Kuondoa kufuli kulikuwa jambo jepesi kuliko yote aliyoyafanya wiki zile. Lakini alikuwa amemuona, mwezi wa tatu, mtu mmoja aliyekuja ofisini na picha mkononi akisema anamtafuta shemeji yake, na baadaye wakajua hakuwa na shemeji. Mtu wa namna hiyo hakosi rafiki katika saiba.

"Tukifungua, tumewafungulia wote," alisema. "Wacha niende Bungoma nikaione kwa macho yangu. Nikishindwa, nitakuja unipe amri hiyo tena, na nitaifuata."

Pasta akavaa miwani. "Nenda Jumatatu."

Ofisi ya Bungoma ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa, chenye dirisha la kuangalia migomba. Jotham alimpokea kwa mikono miwili, akamtafutia soda, akamuuliza habari za watu wa nyumbani mmoja mmoja, na Nekoye akajibu mmoja mmoja, ingawa macho yake yalikuwa kwenye kompyuta. Ilikuwa imezimwa, na waya wake umechomolewa ukutani na kuzungushwa vizuri juu ya meza.

"Radi," Jotham alieleza. "Hapa kwetu radi haina adabu. Kila jioni nachomoa kabisa."

Akachomeka, akabonyeza kitufe. Kioo kikawa cheusi, yakatokea maneno meupe, mashine ikalia *piip*, na kabla Nekoye hajasoma neno la pili, kidole cha Jotham kilikuwa kimeshabonyeza kitu na maneno yametoweka.

"Hiyo ilikuwa nini?"

"Wapi?"

"Hayo maneno."

"Aa, hiyo. Hiyo inataka F1. Unabonyeza F1 ndiyo iende."

"Inataka kila siku?"

"Kila asubuhi. Tangu niletwe hapa. Si hata zenu ziko hivyo?"

"Zima tena, mzee wangu. Tafadhali. Na usibonyeze."

Jotham akazima, akachomoa, akachomeka, akawasha. Maneno meupe yakarudi. Nekoye akainama mpaka pua ikakaribia kioo. Yalisema kwamba betri ya ndani, ile inayotunza saa mashine ikichomolewa, imekwisha, na kwamba tarehe na saa hazijawekwa. Bonyeza F1 kuendelea.

Akabonyeza mwenyewe. Mashine ilipotulia, alipeleka mshale kwenye pembe ya chini, pale panapoandikwa saa, akaubofya. Kalenda ikafunguka. Ilikuwa saa sita na dakika chache za usiku, tarehe mosi Januari, mwaka wa 2005.

Nekoye aliketi.

Alijaribu kuliendea jambo lile polepole, kama mtu anayepita kwenye matope. Mashine hii kila asubuhi huamka ikidhani ni mwaka wa 2005. Cheti cha Mholanzi kilikuwa cha mwaka wa 2003, kwa hiyo mashine ilikiona kuwa cha zamani na halali, na miaka yote hiyo hakuna aliyejua kwamba imepotea. Cheti chake yeye, Nekoye, ni cha mwezi uliopita tu. Kwa mashine iliyo katika mwaka wa 2005, hicho ni cheti cha mtu ambaye hajazaliwa. Ndiyo maana inabisha hodi, inakitazama, inaondoka.

"Lakini tarehe sita mwezi wa saba?" aliuliza kwa sauti, na kabla ya Jotham kujibu akaliona na hilo. Akatafuta karatasi ya makosa kwenye kioo, akaweka kidole juu yake. "Mzee, hii programu ni ya Wamarekani. Wao wanaanza na mwezi. Si tarehe sita mwezi wa saba. Ni mwezi wa sita, tarehe saba. Ile Jumamosi yangu."

Jotham aliangalia kile kidole. "Kwani mtu anaanzaje na mwezi? Ni kama kutaja ukoo kabla ya jina."

"Na Ijumaa? Ijumaa unafanya nini na hii kompyuta?"

"Ijumaa nachapa ratiba ya ibada ya Jumapili, basi."

"Unaichapaje?"

"Naichapa tu. Isipokuwa ile karatasi hujiandikia talehe yenyewe juu, na huwa inaandika mwaka wa ajabu. Kwa hivyo kwanza naenda pale pembeni narekebisha, ndiyo waumini wasinicheke." Akaigeukia kompyuta. "Ngoja. Na ile Ijumaa mama Phanice alikuja…"

"Hukuchapa?"

"Nilichapa Alhamisi. Niliona Ijumaa tutakuwa na kazi yake, nisije nikaishika mashine."

Nje mtu alikuwa akikata majani ya ng'ombe, shaa, shaa.

Nekoye akaweka tarehe ya kweli. Seva ikafunguka. Hakuamini, akairudisha 2005, ikakataa. Akaiweka 2008, ikafunguka. Alifanya hivyo mara kadhaa, Jotham akimtazama, mpaka yule mzee akamshika bega akasema, "Inatosha, dada. Imekubali." Betri yenyewe ilikuwa ndogo kama kifungo cha koti. Waliipata kwa fundi wa saa karibu na soko, na fundi akashangaa kwamba kompyuta nayo hutumia betri ya aina ile.

Jotham alimtuma mtu Misikhu, na alasiri Phanice akafika. Hakuwa amevaa leso safi safari hii, na hakukaa mpaka alipoombwa mara mbili. Nekoye akamwonyesha pa kuandika jina. Aliandika kwa kidole kimoja: Chesang. Akaandika kijiji. Kioo kikatafakari, kisha kikaleta swali, kama lilivyosemwa na mtu mzima kwa mhubiri aliyemwandikisha: *Siku ulipobatizwa, nani aliteleza akaanguka mtoni?*

Phanice akafunika mdomo kwa kiganja. Mabega yakaanza kutikisika, na Nekoye hakujua kama analia au anacheka.

"Pasta," alisema hatimaye. "Pasta mwenyewe. Na Biblia yake."

"Andika."

Akaandika. Mahali pakafunguka: Suam, upande wa Kenya, kwa dada yake mzee, karibu na kituo cha forodha. Hali: mzima, anaumwa mguu.

Chini yake palikuwa na tarehe ya kuandikishwa. Nekoye angeweza kuusogeza ukurasa Phanice asiione, lakini hakufanya hivyo. Phanice akaisoma.

"Hii ni mwezi wa sita."

"Ndiyo."

"Kwa hivyo ile Ijumaa nilikaa kwa hiki kiti, na yeye alikuwa hapo ndani?"

"Alikuwa humo. Sisi hatukujua."

"Na kwa nini haikufunguka?"

Nekoye alianza kueleza habari za betri, mwaka wa 2005 na cheti ambacho hakijazaliwa. Katikati aliona yale maneno hayaendi popote. Kila moja lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja hayakutosha kuwa sababu ya mwanamke kuamini kwa siku tatu nzima kwamba babake amekufa. Akaacha.

"Mashine ilipotea," alisema. "Ilidhani ni mwaka mwingine. Na sisi tulikuwa tunaitafuta pasipo. Pole sana, mama."

Phanice akainuka akatoka nje. Alisimama kwenye migomba akiwapa mgongo, mtoto akichungulia juu ya bega lake. Jotham alitaka kumfuata, Nekoye akamzuia. Baada ya muda akarudi mwenyewe.

"Mwaka gani?" aliuliza.

"Elfu mbili na tano."

"Elfu mbili na tano tulikuwa nyumbani." Akaikunja leso yake upya begani. "Si mbaya kupotelea huko. Sasa Suam ninafikaje bila kupita Kitale?"

"Huwezi. Lakini nitapita na wewe."

Wakapita pamoja siku ya pili. Stendi ya Kitale Phanice alijifunika kichwa na kumshika Nekoye mkono kwa nguvu hata kucha zikaingia, na hakuna mtu aliyewatazama mara mbili. Walimkuta Mzee Chesang uani kwa dada yake, amenyoosha mguu mbaya juu ya kigoda, anapura maharagwe kwa fimbo fupi. Alimwona binti yake akiingia langoni, akaendelea kupura mara mbili, tatu, kama mtu asiyetaka kuamini haraka. Kisha fimbo ikamponyoka.

Nekoye alirudi Kitale na kuendelea na seva yake. Alipitia ofisi zote ndogo za kanisa, moja baada ya nyingine, akifungua kompyuta na kubadilisha betri, na katika mbili alikuta mwaka umepotea vilevile. Aliwafundisha makarani kusoma maneno meupe kabla ya kubonyeza. Watu walimsifu, na alizipokea sifa huku akiona haya kidogo, maana kulikuwa na jambo moja ambalo hakulielewa, na halielewi mpaka leo. Ile Jumatano ilipofunguka jioni na kujifunga, nani aliigusa tarehe? Jotham aliapa, na Jotham haapi ovyo, kwamba hakuwa ameshika ile pembe siku hiyo, na hakuna mwingine mwenye ufunguo wa chumba. Nekoye alipekua kumbukumbu za seva. Alikuta Bungoma imebisha hodi, imeingia, imekaa kidogo, imetoka. Zaidi ya hapo hakukuwa na kitu.

"Labda ilikumbuka yenyewe," Jotham alimwambia siku moja alipomtembelea Bungoma.

"Mashine haikumbuki, mzee wangu."

"Basi niambie wewe."

Nekoye akamsogezea kikombe, akamwomba amwongezee chai.